KAMPUNI IMEKUA: JE, NA KISIWA KIMEKUA?



Yapo maneno yaliyozoeleka masikioni mwetu hata hatuyahoji tena. Mojawapo ni hili: kwamba kampuni ya kutafuta mafuta ikikua, nchi ambamo mafuta yanatafutwa nayo inakua. Maneno haya husemwa katika semina, huandikwa magazetini, na hurudiwa barazani Chake Chake, Wete na Mkoani. Sisi twasema wazi tangu mwanzo: maneno haya si ya kweli, au tuseme hayawi kweli yenyewe kwa yenyewe. Kampuni ya utafutaji yaweza kukua, kutajirika, na hata kuuzwa kwa fedha nyingi pasipo tone moja la mafuta kutoka chini ya bahari. Tena yaweza kufanya hivyo kihalali kabisa, bila kuvunja sheria yoyote.

Kwa sababu hiyo, wale wanaotuambia tunyamaze mpaka mafuta yapatikane wanatupoteza. Faida ya kwanza katika biashara hii hupatikana kabla ya tone la kwanza. Basi na maswali ya wananchi hayana budi kuulizwa kabla ya tone la kwanza.

HISTORIA FUPI YA KUSUBIRI

Habari ya mafuta si ngeni Pemba. Huko Tundaua wazee wanajua tangu zamani kwamba mafuta huchuruzika yenyewe ardhini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Uhuru na Mapinduzi, makampuni ya Uingereza yalichimba kisima kirefu kisiwani humu, yakaona dalili, lakini hayakupata kiasi cha kuyafanya yabaki.

Mwaka 1968 maliasili ya mafuta na gesi asilia iliongezwa katika orodha ya Mambo ya Muungano. Mwaka 1997 kampuni binafsi ya Kanada, Antrim Energy yenye makao yake Calgary, ilipewa haki ya kutafuta katika kitalu kilichoitwa Pemba-Zanzibar. Haki hiyo ilitolewa na Serikali ya Muungano. Zanzibar ikauliza: mbona mali iliyo chini ya bahari yetu inatolewa bila sisi? Kazi ikasimama. Miaka ikapita, watoto waliozaliwa mwaka ule wakawa watu wazima, na kitalu kikabaki kwenye makaratasi. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi liliazimia kwamba mafuta na gesi yaondolewe katika Mambo ya Muungano. Mwaka 2015 Sheria ya Petroli ya Tanzania iliifungulia Zanzibar njia ya kusimamia utafutaji wake yenyewe, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake ya mafuta na gesi, iliyozaa mamlaka ya udhibiti na kampuni ya mafuta ya Serikali. Mwaka 2017 yalifanyika mapimo ya angani na baharini. Oktoba 2018 Serikali ya Zanzibar ilitia saini na RAK Gas, kampuni ya Serikali ya Ras Al Khaimah katika Falme za Kiarabu, mkataba wa kugawana uzalishaji kwa kitalu kilekile cha Pemba-Zanzibar. Na Machi 2024 Serikali ilitangaza zabuni ya vitalu vinane vya baharini.

Kwa nini tunakumbusha haya yote? Kwa sababu katika miaka hiyo mabishano yalikuwa juu ya nani mwenye mamlaka ya kutia saini, Dodoma na Dar es Salaam au Unguja. Ni swali la haki, nasi hatulidharau. Lakini swali la pili lilisahauliwa: huyo atakayetia saini atatia saini nini, na mvuvi wa Kojani atajuaje kilichoandikwa? Mamlaka yakihama kutoka meza moja kwenda meza nyingine, na karatasi ikabaki imefunikwa kama zamani, mwananchi amepata nini?

NAMNA KAMPUNI INAVYOKUA

Hatuna budi kuielewa biashara yenyewe. Kampuni huru ya utafutaji si sawa na yale makampuni makubwa yenye visima, mabomba na vituo vya petroli dunia nzima. Mara nyingi huanza na watu wachache: wataalamu wa miamba, mwanasheria, na mtu ajuaye kukusanya fedha. Bidhaa yake ya kwanza ni haki, yaani leseni ya eneo fulani kwa miaka fulani. Ikiisha kuipata, hufanya utafiti wa mitetemo: meli hukokota nyaya ndefu za kilomita kadhaa, mizinga ya hewa hupigwa kila baada ya sekunde chache, na mwangwi unaorudi kutoka chini ya sakafu ya bahari huchorwa kuwa picha ya miamba. Picha hiyo ikionyesha matumaini, thamani ya leseni hupanda. Ndipo kampuni huuza hisa zake katika soko la London, Oslo au Toronto, au hukata kipande cha haki yake na kukiuza kwa kampuni kubwa, ili mkubwa abebe gharama ya kuchimba.

Hakuna dhambi katika hilo. Kisima kimoja cha bahari ya kina kirefu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na visima vingi hutoka vikavu. Anayethubutu kupoteza fedha zake ana haki ya kupata faida. Lakini tusisahau kwamba kitu kilichopanda thamani si ofisi ya kampuni wala kompyuta zake, bali ni haki juu ya mali ya wananchi. Mwenye mali basi ana haki ya kujua inapouzwa, kwa nani, kwa bei gani, na fungu lake ni lipi.

Tuvuke bahari kidogo twende kusini mwa Tanzania Bara, ambako mambo haya yamekwisha kuonekana. Kampuni ya Ophir Energy ilianzishwa mwaka 2004. Ilipata haki katika vitalu namba 1, 3 na 4 vya bahari ya kina kirefu, kisha ikaikaribisha BG ya Uingereza kuwa mbia na mchimbaji. Mwaka 2010 gesi ilipatikana katika kisima kilichoitwa Pweza. Mwaka 2011 Ophir iliingia katika soko la hisa la London. Mwaka 2013 ilikubali kuiuzia Pavilion Energy ya Singapore nusu ya fungu lake, yaani asilimia 20 ya vitalu hivyo, kwa dola za Marekani bilioni 1.288. Hesabu hiyo ilifanyika kabla ya gesi ya vitalu hivyo kuuzwa hata kidogo. Mwaka 2019 kampuni yote ikanunuliwa na Medco ya Indonesia kwa pauni milioni 390 hivi, na jina la Ophir likatoweka sokoni. Kampuni ilizaliwa, ikakua, ikapungua, ikamezwa. Gesi bado iko palepale chini ya bahari, na kile kiwanda cha kusindika gesi kilichosubiriwa Lindi hakijajengwa.

Mfano wa pili ni Mnazi Bay, Mtwara. Gesi iligunduliwa hapo mwaka 1982 na AGIP ya Italia, ambayo haikuiendeleza. Mwaka 2004 kampuni ndogo ya Artumas, nayo ya Calgary, ilikubaliana na Serikali kuifufua, ikajenga na mtambo wa kuzalisha umeme Mtwara. Hili ni jema, nasi tunalitaja kwa haki. Baadaye madeni yaliilemea. Mwaka 2010 ikabadili jina kuwa Wentworth Resources, na Desemba 2023 ikanunuliwa na Maurel & Prom ya Ufaransa. Majina matatu, wanahisa wa nchi mbalimbali, kisima kilekile.

Kutokana na mifano hii miwili yafaa tujifunze jambo moja: unayetia naye saini leo siye utakayekuwa naye kesho. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo katika mkutano wa hadhara hainunuliwi pamoja na kampuni. Kinachonunuliwa ni mkataba. Shule iliyoahidiwa, ajira kwa vijana, fidia ya wavuvi, yote yasipoandikwa yatabaki kwa mtu aliyekwisha kuuza hisa zake na kuondoka.

MTWARA NI ONYO

Wapo wanaodhani kwamba usiri huleta utulivu. Mtwara imeonyesha kinyume chake. Mwishoni mwa mwaka 2012 wananchi wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Januari 2013, na tena Mei 2013, palitokea ghasia. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa moto, na jeshi likaletwa. Bomba lilijengwa, na lilizinduliwa Oktoba 2015.

Inawezekana kabisa kwamba bomba lilikuwa na faida kwa Taifa zima. Hatubishani juu ya hilo hapa. Tunachosema ni kwamba watu waliokuwa wakiambiwa kwa miaka mingi kuwa gesi itawakomboa waliamka siku moja na kuona uamuzi umekwisha kufanywa. Hawakuwa na karatasi ya kuwaonyesha fungu lao ni lipi. Pasipo na karatasi huingia uvumi, na uvumi ukikosa jibu huwa hasira.

Hata wabunge walikuwa gizani. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya mwenyekiti wake Zitto Kabwe, iliagiza viongozi wa Shirika la Maendeleo ya Petroli washikwe na polisi kwa kutokuikabidhi mikataba ya gesi. Mwaka huohuo nyongeza ya mkataba wa kitalu namba 2 ilivuja, na mabishano makubwa yakazuka juu ya mgawo wa Taifa. Ikiwa mbunge mwenye kiapo na posho hakuweza kuiona mikataba, mkulima wa mwani wa Makangale angeionea wapi?

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza husema: “Mkiuliza maswali mtamfukuza mwekezaji.” Tunajibu: mwekezaji mwenyewe ndiye bingwa wa kuuliza maswali. Kampuni iliyo katika soko la hisa hulazimika kutoa taarifa kila mwaka ya fedha zake, leseni zake na hatari zinazoikabili. Mtu aliyenunua hisa chache London anaweza kuisoma taarifa hiyo nyumbani kwake. Je, ni haki mwenye hisa wa mbali ajue zaidi juu ya bahari ya Pemba kuliko sheha wa shehia inayoitazama bahari hiyo kila asubuhi? Kampuni inayovumilia maswali ya wanahisa itavumilia na ya wavuvi.

Wa pili husema: “Mambo haya ni ya kitaalamu mno kwa watu wa kawaida.” Wapemba hawastahili kuambiwa hivyo, kwa maana wao ni wakulima wa karafuu. Wanajua vizuri maana ya mali kutoka shambani mwao na bei kuamuliwa mahali pengine. Kwa miaka mingi karafuu iliuzwa kwa mnunuzi mmoja tu, yaani shirika la Serikali, na mkulima akapewa sehemu ndogo ya bei ya soko la dunia. Matokeo yake yakawa magendo: karafuu zikavushwa usiku kwenda Mombasa, na watu waaminifu wakageuzwa wahalifu kwa sababu ya kutafuta bei ya jasho lao. Serikali ilipopandisha bei sana mwaka 2011, mambo yakaanza kubadilika. Aliyeyapitia hayo hahitaji shahada ya jiolojia ili kuuliza: bei ni ngapi, mgawo ni upi, na nani anashika mizani?

Wa tatu husema: “Kanisa liache mambo ya mafuta.” Hili nalo tulijibu kwa upole. Sisi Wakristo ni wachache kisiwani humu, na hatudai kuwasemea majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi. Lakini bahari ikichafuka haitauliza dini ya mvuvi. Tena jambo hili limekwisha kuwaunganisha viongozi wa dini zote: mwaka 2012 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA walitoa kwa pamoja taarifa iliyokadiria kwamba Taifa lilikuwa likipoteza zaidi ya dola bilioni moja kila mwaka kwa misamaha ya kodi, ukwepaji wa kodi na utoroshaji wa fedha. Waliweza kusema kwa sauti moja. Nasi Pemba twaweza kukaa na masheikh na masheha tukasema kwa sauti moja.

Wa nne, nao ndio wengi, husema: “Tusubiri yapatikane kwanza.” Hawa ndio tunaowapinga kwa nguvu zaidi. Mgawo haupangwi siku mafuta yanapopatikana. Hupangwa siku ya mkataba. Siku hiyo ndipo huandikwa ni kiasi gani kampuni itajirudishia kama gharama kabla ya kugawana, ni asilimia ngapi zitabaki kwa Serikali, ni kodi gani italipwa haki ikiuzwa, na nani atasafisha pakichafuka. Kisima kikishapatikana, kampuni itaonyesha karatasi yenye saini, nayo itakuwa na haki. Kusubiri ni kukubali.

BAHARI SI TUPU

Kuna mazoea ya kuchora ramani ya vitalu kana kwamba bahari ni kiwanja kitupu. Bahari ya Pemba si tupu. Upande wa magharibi kuna eneo la hifadhi ya Mkondo wa Pemba, lililotangazwa mwaka 2005, pamoja na kisiwa cha Misali na matumbawe yake. Maelfu ya familia huishi kwa madema, nyavu na mishipi. Wanawake hulima mwani katika maji mafupi.

Meli ya mitetemo ikipita, wavuvi huambiwa waondoe mitego na wakae mbali. Kwa kampuni hizo ni siku chache katika ratiba. Kwa mwenye ngalawa ni siku chache bila chakula. Mtu huyo hajapewa hisa yoyote, lakini ametoa mtaji: ametoa siku zake. Basi alipwe kama mdai yeyote, kwa kiwango kinachojulikana mapema, wala isiwe hisani ya kugawiwa na afisa kwa kadiri apendavyo.

TUNADAI NINI

Hatutaki kuishia kwenye malalamiko. Tunayaweka hapa madai matano, ili kila halmashauri ya walei iyajadili na kuyafikisha kwa mwakilishi wake.

Kwanza, mkataba wowote wa kitalu kinachogusa maji ya Pemba, pamoja na nyongeza zake, uwekwe wazi kwa Kiswahili katika ofisi ya kila shehia ya pwani. Muhtasari hautoshi.

Pili, kila mara haki ya utafutaji inapouzwa au kugawanywa, wananchi watangaziwe mnunuzi na bei, na kodi ya mauzo ilipwe Zanzibar kabla ya uhamisho kukubaliwa.

Tatu, ahadi zote za ajira, shule, maji na afya ziandikwe ndani ya mkataba, ili zimfunge na yule atakayeinunua kampuni baadaye.

Nne, fidia ya wavuvi na wakulima wa mwani ipangwe na kutangazwa kabla meli haijaingia, na kamati ya fidia iwe na wavuvi na wanawake wa mwani wenyewe.

Tano, sheria iseme ni fungu gani la mapato litarudi Pemba, na ni fungu gani litawekwa akiba kwa ajili ya watoto wetu, maana mafuta huchimbwa mara moja tu.

Hakuna katika haya linaloifukuza kampuni njema. Kampuni inayokuja kwa nia safi itafurahi kujua mapema masharti ya kisiwa, kuliko kugundua baadaye kwamba imejenga juu ya manung’uniko. Na ikiwa ipo kampuni ambayo haiwezi kukua ila katika giza, basi ni heri ikakulie kwingine.

Ndugu walei, zabuni imekwisha kutangazwa. Makampuni madogo na makubwa yatakuja, mengine yakiwa na majina ambayo hatujapata kuyasikia na ambayo baada ya miaka kumi hayatakuwapo. Mafuta yawepo au yasiwepo, Pemba itabaki. Wanaobaki ndio wenye haki ya kuuliza, nao wasiulize wakati ambapo jibu limekwisha kutiwa saini. Katika mkutano wenu ujao wa Jumuiya someni madai haya matano kwa sauti, yajadilini, yaongezeni, kisha mwendeeni sheha na mwakilishi wenu mkiwa pamoja na majirani zenu wa dini nyingine. Mwulizeni swali moja tu la kuanzia: mkataba uko wapi, tuusome?